Safari Yetu ya Pemba na Bustani ya Ami

Siku chache baada ya Idd el Fitri ya mwaka 1446, yaani mwezi wa Aprili 2025, vijana wa chuoni kwetu walipokuwa bado katika mapumziko ya sikukuu, tulifunga safari ya Pemba kwenda kumzuru ami yetu, ndugu wa marehemu baba yetu. Safari yenyewe si ndefu, wala haikuwa mara yetu ya kwanza kuifanya. Lakini mara hii tulikwenda na deni moyoni, na mwenye deni huiona njia haishi. Deni hilo tutalieleza mahali pake.

Meli iling'oa nanga katika bandari ya Malindi, Unguja, baada ya Isha. Kutoka Unguja hata Pemba ni kiasi cha kilomita 50 za bahari kuelekea kaskazini, na aliyezoea hulala usingizi. Tulipoukaribia mkondo wa Nungwi watu wazima waliokuwa macho walinyamaza, na mmoja akanyanyua mikono akasoma Fatiha, nasi tukasoma naye. Katika maji hayo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilizama meli ya Spice Islander, imewachukua watu wengi waliokuwa wakirejea makwao Pemba baada ya sikukuu. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Tangu siku hiyo hakuna Mpemba apitaye hapo akiwa macho asiyewakumbuka.

Alfajiri tuliteremka Mkoani, tukasali, tukanywa chai kwa maandazi, kisha tukapanda gari ya Chake Chake. Mwenye kutoka mjini Unguja, aliyezoea mabati na vumbi, hushangaa kila mara kwa kijani cha Pemba. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Khudhra, yaani cha Kijani, nao hawakutia chumvi. Barabara hupanda kilima ikateremka bondeni, ikapanda tena. Mabondeni mpunga, juu ya vilima mikarafuu, na baina yake migomba, mifenesi, mishelisheli na minazi, hata mtu asijue mwisho wa shamba la huyu na mwanzo wa shamba la yule. Masika yalikuwa yameingia. Mvua ilikuja, ikatulowesha kupitia dirisha la gari lililokwama, ikaondoka, na jua likatoka kama kwamba halikutukia jambo.

Mikarafuu hii nayo ina kisa chake. Si miti ya asili ya kwetu. Ililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa muda mrefu ilistawi zaidi Unguja. Mwezi wa Aprili 1872 kikaja kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa sehemu iliyo kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu. Na mkarafuu si mchicha. Mche hukaa miaka 6 hata 8 kabla ya kumpa mtu chochote cha maana, kisha huweza kuishi miaka 100 na zaidi. Tunaomba msomaji aiweke hesabu hii akilini, kwani tutarudi kwake.

Kijiji cha ami kiko upande wa Mtambwe, ng'ambo ya hori ukiwa Wete. Wasomi wanaijua Mtambwe kwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa huko mwaka 1984, zimeandikwa kwa Kiarabu, zimekaa ardhini karne nyingi na hakuna aliyezijua. Ami kila akitajiwa khabari hiyo husema kuwa ardhi haili amana ya mtu. Yeye mwenyewe hajaokota hata senti moja humo, ila mihogo.

Sasa tulieleze deni.

Mwishoni mwa mwaka 2021 ami, akiwa na miaka 74, aliteleza bondeni na pakacha la majimbi kichwani, akaanguka, akaumia nyonga. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini khabari ilipotufikia mjini tulikaa jamaa wote, tukaamua kwamba mzee amefanya kazi ya kutosha katika dunia hii, na sasa ni zamu yetu kumtumikia. Mwanzo wa mwaka 2022 tukamleta nyumbani kwetu Ng'ambo. Tulimtandikia barazani, tukamtilia mito miwili, redio upande wa kulia na birika la maji upande wa kushoto. Akitaka kunyanyuka, mtoto humwahi: "Babu kaa, nikuletee." Akitaka kuchota maji ya udhu, tayari yameshachotwa. Akishika ufagio, ananyang'anywa kwa adabu. Majirani walitusifu, nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulizipenda sifa zile.

Miezi ya mwanzo alikuwa akimuuliza kila atokaye Pemba: je, mvua imenyesha? Je, migomba imefungwa miti ya kuiegemea? Je, kitalu kimemwagiliwa? Baadaye akawa hawaulizi tena. Mchana akawa analala na usiku akawa macho. Sukari yake, ambayo huko shamba ilikuwa ya wastani, ikapanda. Siku moja alisali Adhuhuri mara mbili, na alipokumbushwa akatutazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha, usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, alikwenda chooni, miguu ikamshinda, akaanguka juu ya sakafu ya saruji ndani ya nyumba yetu, sisi tuliomwondoa shamba ili asianguke.

Daktari aliyemtazama alituuliza mzee anafanya nini mchana kutwa. Tukamjibu kwa fahari kuwa hafanyi chochote, sisi tunamfanyia kila kitu. Akatuonyesha paja la ami, jinsi nyama ilivyokwisha, akasema kuwa mguu usiotumika hunyauka, wa kijana na wa mzee mamoja, ila kwa mzee huwa upesi zaidi na kurudi kwake ni kwa taabu. Akataka atembee kila siku. Tukamwambia ami atembee uani. Uani kwetu ni hatua 12 kwa mwendo wa mtu mzima, na katikati pana kamba ya kuanikia nguo.

Akatuomba tumrejeshe kwake. Tukakataa. Akaomba mara ya pili, tukakataa tena, na sababu ya kweli si ile tuliyompa. Tulimwambia twaogopa afya yake. Hakika tuliogopa kauli za watu, wasije wakasema tumemtupa. Mara ya tatu hakuomba. Alisema taratibu tu, huku akivuta tasbihi: "Mwanangu, mmenitunza vizuri sana, kama maiti anayengojea jeneza." Usiku ule hatukulala. Mwezi wa Shawwal uliofuata, mwaka 2023, tulimrejesha Pemba, na tangu hapo hatukuwa na uso wa kwenda kumtazama. Tulipeleka sukari na mchele na salamu kwa simu. Ndiyo maana ya safari hii.

Tulifika kijijini saa tatu ya asubuhi. Barazani hapakuwa na mtu. Binti yake, dada yetu, mjane anayeishi naye pamoja na wanawe, alitupokea kwa bashasha, akatupa maji ya madafu, na tulipouliza ami yu wapi, akacheka: "Yuko kwa watoto wake huko nyuma." Tukazunguka nyumba.

Tulimkuta amekaa juu ya kigoda, kofia ya ukili kichwani, msuli umefungwa juu, na miguuni viatu vya mpira. Mbele yake kitalu chini ya kivuli cha makuti: miche ya mikarafuu, kila mmoja katika mfuko wake, imesimama safu kwa safu kama wanafunzi wakati wa dua. Aliyatia mwenyewe mapeta, yaani zile karafuu zilizoachwa mtini zikakomaa na kuwa mbegu. Alituambia mapeta hayangoji. Ukiyaweka yakauke yamekufa, lazima uyaroweke, uyavue ganda na uyatie udongoni yangali mabichi. Miche ile ilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja, ipo tayari kutoka kitaluni na masika haya.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, baba. Umekuja na miguu au umekuja na maneno? Mashimo sita yanangoja hapo juu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maamkizi yetu baada ya miaka miwili. Tukavua kanzu.

Bustani yenyewe si kubwa. Nyuma ya jiko kuna mchaichai, mrehani, mnanaa na mpilipili, karibu na mkono wa mpishi. Pembeni mdimu, mstafeli na mpera. Upande wa jua la asubuhi kuna jambo ambalo hatujapata kuliona kwengine. Mtumbwi mkongwe uliopasuka, wa jirani mvuvi, umewekwa juu ya mawe hata ukafika kimo cha kiuno cha mtu, umetobolewa chini ili maji yapite, ukajazwa udongo na samadi. Humo ami amepanda mchicha, bamia fupi, vitunguu vya majani na nyanya, naye huupalilia akiwa amesimama, bila ya kuinama. Nyonga ile iliyoumia haipendi kuinama, basi ameuleta udongo juu badala ya yeye kuteremka chini. Mtumbwi ulibebwa na vijana sita kwa malipo ya shelisheli za kuchoma.

Tulimfuata siku tatu, tukayaangalia yote kwa jicho la mtu anayetaka kujua kosa lake. Baada ya Alfajiri husoma juzuu yake, hunywa uji, kisha huingia bustanini mpaka saa tatu au saa tatu na nusu; jua likikaza hutoka, na mjukuu ana amri ya kumpelekea maji hata kama hakuomba, kwani wazee huwa na maji kidogo mwilini na kiu haiwaiti mapema. Baada ya Alasiri hurudi kwa saa moja. Katika muda huo hunyanyuka kwenye kigoda na kukaa tena mara nyingi zisizo na hesabu, huchota maji kwa kata, hugeuka, hunyoosha mkono kukata jani, hupanda kilima kidogo, hushuka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewataka watu wenye miaka 65 na zaidi wapate kila wiki dakika 150 hata 300 za kazi ya mwili ya wastani, na katika siku 3 au zaidi za wiki wafanye mazoezi ya kutia nguvu na kuufanya mwili usimame imara, ili wasianguke. Ami hajausoma mwongozo huo. Dakika hizo huzimaliza katikati ya wiki.

Jioni ya kwanza tulimpima kwa macho tu alipokwenda msikitini. Alikwenda kwa bakora, taratibu, hakushikwa na mtu.

Hatutaki msomaji adhani kwamba jembe ni tiba ya kila maradhi. Vidonge vya sukari anavimeza bado, na kliniki huenda. Kuna siku nyonga humkatalia na akabaki ndani amekunja uso. Kinachokula mboga za mtumbwi ule ni chungu cha nyumbani, hivyo sukari inayosumbuliwa na wali mweupe wa mjini huku hukutana na mchicha kila siku, na hilo peke yake ni jambo. Usingizi wake umerudi usiku. Juu ya kumbukumbu, sisi si waganga. Tunachoweza kushuhudia ni kwamba alitutajia kila mti, nani alimpa kipando chake, mwaka gani, na yule mtu alikufa lini.

Tena kuna jambo jengine lililotugusa zaidi ya paja na sukari. Nyumbani kwetu mjini ami alikuwa akipewa. Huku ami hutoa. Asubuhi ya pili, kabla ya saa nne, tulihesabu watu saba waliokuja uani: mtoto ametumwa majani ya mchaichai, mwanamke ataka ndimu mbili, kijana mmoja ameleta jani la mgomba lenye madoa aulizwe mzee ni ugonjwa gani, mzee mwenzake amerudisha pauro na kuchukua vipande vya muhogo vya kupanda. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, mkubwa kwa ami kwa umri, huja kila jioni kumwonyesha asumini alizochuma. Yeye hupanda asumini na mrehani, husuka vikuba, na mjukuu wake huvipeleka Wete kuviuza siku za harusi. Wazee hawa wawili hushindana kwa maneno kuhusu samadi ya ng'ombe na samadi ya mbuzi, na mashindano hayo yana miaka. Kule barazani kwetu, kwa muda wa miezi kumi na minne, hapana aliyemuuliza ami swali ila "Umekula?"

Siku ya pili tulichimbua yale mashimo, au tuseme tuliyamaliza, maana mjukuu alikuwa ameshayaanza. Kila shimo kiasi cha futi mbili kwenda chini, na kutoka moja hata jengine hatua kumi kubwa. Ami hakuchimba. Alikaa juu ya kigingi cha mnazi akaelekeza, akatia mkono ndani ya kila shimo akasuguasugua udongo kwa vidole, na shimo moja akalikataa kwa kuwa maji yalituama. Alipanda mwenyewe kwa mkono wake miche yote sita, akisema bismillahi kila mmoja, akaichomea makuti pembeni kuikinga na jua.

Hapo ndipo tulipofanya hesabu ambayo tulimwomba msomaji aiweke. Ami ana miaka 78. Mche wa leo utazaa akiwa na miaka 84 au 86. Tukamwambia, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake: "Ami, karafuu hizi utazianika wewe?"

Akajibu bila ya kugeuka: "Zile ninazoanika sasa, nilizipanda mimi?"

Tukakaa kimya, na aibu ikatupanda, kwani sisi ndio walimu. Kila mwaka chuoni tunawafundisha vijana khabari aliyoisimulia Umara bin Khuzayma bin Thabit, kwamba alimsikia Sayyidna Umar bin Al-Khattab akimuuliza baba yake kwa nini haipandi ardhi yake. Mzee akatoa udhuru kuwa yeye ni mtu mzima sana, na kesho huenda akafa. Sayyidna Umar hakumwambia pumzika, wala hakumtilia mito. Alimkaza kwamba ni lazima aipande, kisha akaonekana yeye Khalifa akipanda kwa mkono wake pamoja na yule mzee. Tumewasomesha pia ile hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, kuhusu mtu ambaye Kiama kinamfikia na mche u mkononi, kwamba akiweza aupande. Na ile iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kuwa kila kinachokula katika alichokipanda Muislamu, awe ndege, mtu au mnyama, kwake ni sadaka. Tumezifundisha kwa irabu na kwa sanadi. Mzee wa nyumbani kwetu alipotaka kuzitenda, tulimpokonya jembe.

Kwa upande wa ndege na wanyama ami ana yake ya kusema. Popo humlia maembe na tumbili humchimbulia mihogo, naye huwafukuza kwa mawe na kelele kama kijana, na akishindwa hutulia, hufuta jasho, husema: "Haya, iandikwe." Hatukupata kuona sadaka inayotolewa kwa matusi mengi kama ile.

Usiku wa pili dada yetu alitueleza jambo ambalo ami alimkataza asilieleze: mwezi wa Februari alianguka tena, katikati ya migomba. Hakuumia, alikaa chini mpaka mjukuu akamwona. Moyo ulituruka. Ile hamu ya zamani ikatushika palepale, ya kumfungia nguo zake na kumchukua kwa meli ya kesho. Asubuhi tukamkabili.

"Ami, umeanguka na hukutwambia."

"Na kwenu sikuanguka?"

"Ulianguka."

"Basi bora niangukie udongo wangu. Wenu ni mgumu."

Hata hivyo hatukuliacha hivyo hivyo, maana si haki kumwachia mzee khatari kwa kuwa maneno yake ni mazuri. Tulikaa sote, yeye akiwa mwenye kikao, tukapatana. Bondeni hashuki tena wakati wa masika. Majimbi yatashughulikiwa na mjukuu mkubwa kwa nusu ya mavuno. Haingii baina ya migomba peke yake. Njia ya kutoka jikoni mpaka kitaluni tuliisawazisha siku ile ile, tukafunga mianzi pembeni yake iwe mahali pa kushika. Viatu havivuliwi, na sindano ya pepopunda, ambayo hakumbuki aliipata lini, ataipata kituo cha afya wiki hiyo, kwani udongo wenye samadi na kidonda kidogo mguuni havitaniani. Mizigo hapandi nayo kilima. Alikubali yote isipokuwa kigoda chenye mgongo tulichotaka kumnunulia. Alisema kigoda chenye mgongo humfanya mtu asinzie.

Nasi hatuna budi kuwaambia vijana jambo moja ambalo tuliliona kijiji hicho hicho, nyumba ambayo hatutaitaja. Huko yupo mzee wa umri wa ami anayelima tangu asubuhi mpaka jioni shamba la mihogo la wanawe, nao wako mjini, na mihogo ikiiva huja na gari. Mtu akipita husema mzee yule ana afya, bado ana nguvu. Lakini yeye haulizwi nini kipandwe, wala hana siku ya kusema leo nimechoka. Huo si ufundi wa bustani, ni utumwa wa baba, na hauna dalili katika Qur'ani wala katika Sunna. Tofauti baina ya ami na mzee yule haimo katika jembe. Ami ndiye anayechagua shimo gani lifukiwe.

Siku ya kuondoka, ami alitupa mche wa mdimu ndani ya kopo la maziwa ya unga, umetobolewa chini. Tulimwambia kwetu hapana ardhi, ni uwa wa hatua 12 tu wenye kamba ya nguo, anaujua. Akasema anaujua, na kwamba jua la saa mbili mpaka saa tano hufika kwenye pembe ya kushoto, chini ya dirisha la jiko. Alilitazama miezi kumi na minne, hakuwa na kazi nyengine. Akatuusia: "Usiutie maji kila ukipita. Tia kidole kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia. Miche ya mjini mingi hufa kwa huruma."

Tulitaka kumwomba radhi, nasi tulikuwa tumeyapanga maneno yake tangu Malindi. Tulipoanza, alitukata: "Mwalimu, gari itakuacha." Kisha akatushika mkono, akautazama, akaona malengelenge ya jembe, akacheka mpaka akakohoa, akamwita dada yetu aje ayaone.

Ndani ya meli tulilishika kopo mapajani njia nzima, tukalifunika kwa kanzu kwa ajili ya maji ya chumvi. Usiku ule, tulipokwisha kufika na kulala, simu ikalia. Ni ami. Hakutuuliza kama tumefika salama. Alitaka kujua mche umefika vipi, na majani mangapi yamepukutika. Tukainuka na taa, tukahesabu, tukamwambia mawili.

Akasema si neno, na kwamba huko kwake mvua inanyesha.